Simba Hasalimii

Tuliwaacha gizani, msomaji, na gizani ndimo tunamowakuta.

Mlango wa ghala umejifunga kwa kishindo. Taa imezimika. Simba amenguruma. Na sauti mbili za kizee zimeuliza kwa mpigo mmoja, kila moja kwa ukali wake: "Nani huyo?"

Raheli alizitambua zote mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya babu yake, Mzee Mwinshehe, mkulima wa mahindi na mwenye ghala hilo hapa Kilosa mjini. Ya pili ilikuwa ya Mzee Lemomo, mfugaji, baba yake Leshan. Na Leshan ndiye kijana aliyeshirikiana na Raheli kulifanya ghala hilo kuwa chumba cha mafumbo, ambamo watu wachache hufungiwa kwa hiari yao, wakafumbua vitendawili hadi wajikomboe.

Wazee hao walikuwa hawajasemezana tangu kikao cha njia ya ng'ombe kule Rudewa. Mwinshehe aliingia kikaoni akasimama, akingoja Lemomo amwamkie. Lemomo alikuwa ameketi, akingoja Mwinshehe amwamkie yeye. Wakangojana. Kikao kikaahirishwa. Vikao vilivyofuata vikaahirishwa kwa sababu hiyo hiyo, na hadi leo ng'ombe hawana njia ya kwenda mtoni na mahindi hayana amani.

"Mama mkubwa," Raheli alinong'ona, "ni nani aliyewaita wote wawili kwa pamoja?"

"Mimi," alijibu Costancia, dada mkubwa wa mama yake, huku akitafuna karanga gizani bila wasiwasi wowote. "Si ulisema mchezo unataka watu wanne? Wazee wawili, wewe na mimi. Au hesabu ya chuo kikuu ni nyingine?"

"Mama mkubwa! Hawa wakigombana humu, nimekwisha!"

Na kweli angekwisha. Mzee Mwinshehe alikuwa ametoa neno lake mbele ya ukoo mzima: akitoka humo kabla ya kengele ya saa kulia, ghala litakuwa la Raheli, acheze humo mpaka azeeke. Akishindwa kutoka, mahindi yataingia leo leo. Lori la magunia lilikuwa tayari limeegeshwa nje, na dereva wake, mtu asiyejua subira, alikuwa akipiga honi.

Raheli hakujiuliza kwa nini mtu mwenye lori la mahindi akubali kushindania hasara yake mwenyewe. Alimwamini babu yake. Hata alfajiri ile, mzee alipoomba kuingia peke yake ghalani "kukagua paa", alimfungulia na kumshukuru.

Taa ikawaka.

Kila kitu kilikuwa kama alivyokipanga: kituo cha askari wa hifadhi ya Mikumi, chenye ramani ukutani, kofia ya askari msumarini, na kwenye kona simba wa makaratasi na gundi, manyoya ya shingo yake yakiwa katani ya Rudewa, kinywa wazi. Ndani ya kinywa hicho ndimo Raheli alimouficha ufunguo wa mwisho, ule wa kufuli lililofunga komeo la mlango kwa ndani.

Spika ikanguruma tena.

Mzee Lemomo, shuka yake nyekundu begani na fimbo mkononi, alimtazama yule simba kwa masikitiko. "Huyu ameshiba," alisema. "Hiyo si ngurumo. Hiyo ni mbweu."

"Mwambieni huyo," Mzee Mwinshehe alimwagiza Raheli, ingawa Lemomo alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kugusana mabega, "kwamba simba wa mjukuu wangu halinganishwi na simba wa porini. Huyu amesoma."

"Mwambieni naye," alisema Lemomo, "simba aliyesoma hamli mtu, humwandikia barua."

Costancia alipaliwa na karanga kwa kicheko.

Raheli aliona afadhali awatulize. Akafanya jambo ambalo binti yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya: aliviendea viti viwili vizuri kuliko vyote mle ndani, vile vyenye mikono na mito, akavifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akasema kwa adabu, "Karibuni mketi, wazee wangu."

Wakaketi.

Papo hapo akakumbuka, na akajishika kichwa.

Viti vile ndivyo vilivyokuwa mtego!

Alipovitengeneza aliwafikiria wanafunzi wenzake na wageni wanaoteremka katika treni ya mwendokasi wakielekea Mikumi. Hao wangevigombania kwa vicheko, na wawili wenye pupa wangenasa. Hakuwaza kamwe kwamba huku kwao kiti kizuri hakigombaniwi. Hupewa mkubwa. Na aliyewapa wakubwa hao ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Kamba zikalia juu ya dari. Pazia la wavu wa chuma likashuka katikati ya chumba, likagota sakafuni. Mwinshehe na Costancia wakabaki upande mmoja, pamoja na yule simba. Lemomo na Raheli wakabaki upande wa pili, wenye mlango.

"Raheli!" Mzee Mwinshehe alifoka. "Umenitia kizimbani?"

"Ni mchezo, babu."

"Tunatokaje?"

Raheli alitamani sakafu ipasuke immeze. Hapakuwa na budi; alisoma kwa sauti maneno aliyoyaandika ukutani yeye mwenyewe, kwa fahari kubwa, wiki ile ile:

"'Usiku umeingia. Kuna kitu nje ya kituo, nawe hujui kama ni mtu au ni mnyama. Mtu husalimia, simba hasalimii. Aliyeketi kiti kimoja aseme shikamoo katika bomba, na aliyeketi kiti cha pili aitikie marahaba. Wavu utapanda.'"

Kila mzee akageuza uso, akaangalia ukuta wa upande wake.

Kando ya kila kiti palikuwa na mdomo wa bomba la bati. Bomba hilo lilipita ukutani hadi nje, chini ya upenu, ambako Leshan alikaa akisikiliza, kamba ya wavu mkononi mwake. Akisikia shikamoo na marahaba, avute. Ndivyo walivyopanga.

"Rahisi," alisema Mzee Mwinshehe hatimaye, akijinyoosha kitini. "Huyo anisalimie, twende zetu."

"Rahisi sana," alisema Mzee Lemomo, akiweka fimbo yake magotini. "Nangoja."

"Mimi ni mkubwa kwake!"

"Kwa lipi? Kwa tumbo?"

"Mimi nilizaliwa mwaka ambao Mkondoa ulifurika ukaingia sokoni. Kila mtu anaujua!"

"Mkondoa!" Lemomo alicheka kwa pua. "Mto huo umefurika mara ngapi? Mwulizeni, yeye ni wa furiko lipi? Rika langu tulipotoka jandoni, huyo alikuwa bado anatumwa dukani kununua chumvi, na chenji anaila njiani."

"Chenji? Mimi?"

"Pipi zilimjaa mashavu yote mawili."

Raheli alikwenda kwenye bomba. "Leshan," alinong'ona, "vuta kamba tu. Hatufiki popote."

"Raheli!" Babu yake alikuwa na masikio ya sungura. "Ukinifungulia kwa hila, nitakuwa nimeshindwa mbele ya Lemomo, na ghala nalichukua sasa hivi."

"Na mimi," aliongeza Lemomo, "Leshan akinitoa kama ndama aliyekwama topeni, kesho arudi kuchunga. Nilimwacha afanye kazi ya akili. Hii ndiyo akili?"

Sauti nyembamba ikatoka bombani: "Baba, mimi sijavuta kitu."

Mshale wa saa ukazidi kusogea. Honi ikalia. Simba akacheua tena.

Raheli aliegemea ukuta. Huko chuoni alikuwa amesimama mbele ya darasa zima akaeleza kwamba watu wakicheza pamoja huanza kuaminiana; wenzake walimpigia makofi na mhadhiri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa aliwatazama wazee wawili waliogeuziana visogo, kila mmoja amekunja mikono, na imani yake ikaanza kumtoka kidogo kidogo, kama maji ndani ya mtungi wenye ufa.

"Mzee wangu Lemomo," alijaribu, "ni neno moja tu. Ni mchezo."

Lemomo alimgeukia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Binti, shikamoo si mchezo. Ungeandika pale turuke kichura, ningeruka. Hili umelitia wewe, si mimi."

Alikuwa na haki, mzee yule.

"Raheli mwanangu," Costancia aliita kutoka upande wa pili, "nimebakiwa na karanga chache. Zikiisha, nami nitaanza kugombana."

Hapo ndipo ukuta ulipopigwa.

Ngo! Ngo! Ngo! Vumbi likadondoka kutoka darini.

"Nani anayenguruma humo?"

Sauti hiyo ilipita bombani na kutokea pande zote mbili za chumba, kavu, yenye kila herufi mahali pake. Raheli aliifahamu. Ilikuwa ya jirani wa nyuma ya ghala, bibi mstaafu aliyekwisha kuja mara kadhaa kulalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga kwa hofu ya simba. Leo alikuwa amevuka uzio wake na kushika mdomo wa bomba kwa nje.

Ila jambo lililomshangaza Raheli halikuwa sauti. Lilikuwa wazee.

Mzee Mwinshehe alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Mzee Lemomo naye alikuwa amesimama wima, fimbo imemponyoka. Nyuso zao zilikuwa zimekunjuka, zikarudi nyuma miaka mingi, hadi kwenye kaptura na miguu yenye vumbi.

Kisha, kwa sauti moja, kwa mwendo ule ule wa kuvuta maneno ambao kila aliyepita shuleni anaujua, wakaitika:

"Shi-ka-moo, mwa-li-muu!"

"Marahaba," ilisema sauti. "Kaeni."

Wakakaa.

Costancia aliacha kutafuna. "Haya makubwa," alisema taratibu. "Mwalimu Joyce amewafundisha hawa?"

"Nimewafundisha nusu ya wilaya hii," bomba lilijibu, "na nusu iliyobaki ilitoroka. Ni nani humo?"

"Mwinshehe, mwalimu."

"Lemomo, mwalimu."

"Nilijua. Nani aliyekuwa akinguruma?"

"Lemomo, mwalimu!"

"Mwongo, mwalimu! Ni Mwinshehe! Ghala lake, simba wake!"

"Wewe ndiye uliyesema anapiga mbweu!"

"Na wewe ndiye uliyesema amesoma!"

Raheli aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mwambieni huyo na mwambieni yule zilikuwa zimetoweka. Walikuwa wakisemezana! Wakisingiziana, ni kweli, lakini uso kwa uso, kupitia wavu, kidole kwa kidole.

"Kelele!" alisema Mwalimu Joyce. "Bado hamjaacha. Mliketi dawati moja darasani kwangu na tabia zenu ni zile zile. Nauliza swali, na nataka ukweli. Nyinyi wawili leo mmesalimiana?"

Wazee wakatazamana.

Yale yaliyopita kati ya macho yao hayakuhitaji mkalimani. Yalikuwa mapatano ya kale, ya watoto wawili waliovunja kioo na kusikia viatu vya mwalimu ukumbini.

"Ndiyo, mwalimu!" wakasema kwa pamoja.

Uongo mweupe pee!

Nje, chini ya upenu, Leshan alibaki ameduwaa, kamba mkononi. Alijua hajasikia salamu yoyote baina yao. Lakini wakubwa wawili, mmoja akiwa baba yake mzazi, wamesema kwa vinywa vyao kwamba wamesalimiana. Yeye ni nani awaambie wamedanganya?

Akavuta.

Wavu ukapanda ukilia.

Dhamiri ya Raheli ilimchoma mara moja. Kanuni ni kanuni, na aliyeiandika alikuwa yeye. Akafungua kinywa aseme. Macho yake yakaenda kwenye saa, yakaona mshale ulipofika, na kinywa kikajifunga chenyewe.

"Ufunguo!" alipiga kelele. "Babu, kinywani mwa simba, upesi!"

Mzee Mwinshehe alitia mkono katika kinywa cha simba. Akapapasa. Akautoa mkono ukiwa na katani na gundi tu.

"Hamna kitu."

"Haiwezekani! Nimeuweka mwenyewe!"

Raheli alikimbilia simba, akautia mkono wake hadi kwenye kwapa. Patupu. Honi ya lori ikalia nje, ndefu, kama inayomcheka.

"Basi, mjukuu wangu," alisema Mzee Mwinshehe kwa upole wa kutiliwa shaka, "mchezo ni mchezo. Kuna kushinda na kuna kushindwa. Mahindi yaingie."

Mtu akakohoa.

Mzee Lemomo alikuwa amesimama mlangoni, akikunjua upindo wa shuka yake polepole, kama mtu aonyeshaye shanga za thamani. Ndani yake ulimeremeta ufunguo.

"Taa ilipozimika," alimwambia Raheli, "mimi nilimgusa simba kwanza. Mtu huanza kwa simba. Akawa hana meno, ila alikuwa na hiki."

"Umekuwa nao muda wote?" Raheli aliuliza. "Mzee wangu, kwa nini hukusema?"

"Nilitaka huyu atoke kwa ruhusa yangu." Akamgeukia Mwinshehe, akauinua ufunguo. "Neno moja tu, Mwinshehe. Unalijua."

Raheli alitegemea babu yake angefura. Hakufura. Alitabasamu. Tabasamu hilo lilimtisha mjukuu wake kuliko ngurumo zote za siku ile.

"Jaribu kwanza kufungua," alisema Mzee Mwinshehe.

Lemomo akatia ufunguo kufulini. Akazungusha upande huu. Akazungusha upande ule. Akautoa, akaupuliza, akautia tena. Kufuli halikusikia.

Raheli aliinama, akaliangalia kwa karibu. Lilikuwa kubwa kama lake, jeusi kama lake. Lakini halikuwa na ule mkwaruzo ambao Leshan aliuweka kwa bahati mbaya alipoliangusha.

Alfajiri. Paa. Kukagua paa!

"Babu," alisema. "Umebadilisha kufuli."

Costancia alipiga kofi paja lake. "Mzee! Na mvi zote hizo!"

Mzee Mwinshehe alirudi taratibu hadi kwenye kiti chake, upande wa simba, akaketi kama jumbe anayesubiri mashauri. Kisha akavua kofia yake ya kufuma. Juu ya upara wake, ukiwa umeacha alama nyekundu kwa kukaa siku nzima, ulilala ufunguo mpya.

"Nilitaka mahindi yangu yapate mahali pakavu," alisema, akiuchukua. "Sikatai. Nilipanga kengele ilie, nijifungulie, niseme pole. Lakini sasa, Raheli, mahindi yamenitoka moyoni. Nimeona kitu kitamu zaidi." Akauinua ufunguo wake kama Lemomo alivyouinua wake. "Neno moja tu, Lemomo. Unalijua. Litamke, na ghala ni la watoto hawa wawili, leo na siku zote. Costancia ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," alisema Costancia, "ingawa sijui wa kesi gani."

Macho yote yakamwelekea Mzee Lemomo.

Alisimama kati ya Raheli na mlango, ufunguo usiofungua mkononi. Bomba lilileta pumzi za Leshan, fupi fupi. Kijana hakumwomba baba yake kitu. Hangethubutu. Lakini pumzi zile zilisikika, na mzee alizisikia, maana aligeuza uso kidogo kuelekea ukutani.

Mshale wa saa ulikuwa umebakiza upana wa unywele.

Mzee Lemomo akajikohoza. Akaokota fimbo yake. Akavuta shuka begani, akafumbua kinywa.

"Ngojeni!"

Alikuwa Mwalimu Joyce, bombani.

"Kumbe hamkusalimiana! Mmenidanganya, na kosa hilo nitalishughulikia baadaye. Lakini kama mnagombea ukubwa, kwa nini msiniulize? Mimi ndiye niliyewapokea shuleni. Mama zenu wote wawili waliniambia kwa vinywa vyao mmezaliwa lini. Mkubwa wenu ninamjua."

Mzee Mwinshehe aliruka kitini. Mzee Lemomo aliangusha fimbo mara ya pili. Na wanaume hao wawili, ambao katika maisha yao hawakuwahi kumkatiza mwalimu, walipiga kelele kwa pamoja:

"Mwalimu, usiseme!"

"Mkubwa," alisema Mwalimu Joyce, ambaye hakuwahi kunyamazishwa na mwanafunzi, "ni—"

Simba akanguruma.

Ngurumo ilijaa ghala zima, ikalimeza jina. Mle ndani hakuna aliyelisikia. Nje, chini ya upenu, mtu mmoja alilisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa ameketi miguuni pa aliyelitaja. Alikuwa Leshan. Na jina hilo lilimshtua kijana kiasi kwamba vidole vyake vikafumbuka vyenyewe.

Kamba ikamponyoka.

Wavu ukashuka kwa kishindo katikati ya chumba.

Ufunguo ukabaki upande huu, mlango upande ule. Juu ya kichwa cha Raheli, saa ikajivuta kama mtu anayetaka kupiga chafya. Na ule wavu, kama alivyoandika yeye mwenyewe ukutani kwa mkono wake, haupandi ila kwa neno lile lile.